Jarida Lililobisha Hodi

Habari ilimkuta Methodi Jumamosi asubuhi, amevaa ndala, anakata vitunguu jikoni kwake South End, Louisville. Simu iliita, akaona jina la bintiye Alliance, akaweka kisu chini, maana Alliance anasoma Buffalo na hapigi simu asubuhi ila kuna jambo. Alifuta mikono kwenye suruali, akajiweka tayari kusikia mabaya.

"Papa," alisema Alliance, "Udongo iko ya kwanza."

Methodi akaketi. Aliketi juu ya gunia la mchele kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, na akamwomba binti arudie. Alliance akarudia, safari hii kwa Kiingereza, lugha anayoikimbilia akiwa na haraka.

Ili furaha ya mzee huyu ieleweke, lazima kwanza lieleweke jarida. Udongo na Mbegu lilikuwa jarida la kitaaluma, jembamba, lenye jalada la karatasi ya kaki, lililozaliwa mwaka 1986 katika kituo kidogo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya Bukavu. Lilitoka mara mbili kwa mwaka, mvua ikipenda. Mwanzilishi wake alikuwa mtaalamu wa migomba aliyeitwa Bagula, na katibu wa uhariri alikuwa Methodi, kijana wa wakati huo, mwenye penseli sikioni na ukali usiolingana na mshahara wake. Ujana wake wote aliumalizia pale. Kisha vita vikamtoa, kambi ikamweka miaka, na Marekani ikampokea na kumpa kazi ya kupanga vipuri vya magari katika ghala kule Jeffersontown. Hailalamikii kazi hiyo. Ila hakuna siku inayopita bila kukumbuka harufu ya wino wa mashine ya kuchapishia.

Alliance alikuwa anaandika tasnifu yake juu ya vipimo vinavyotumika kuyapanga majarida, lipi liko juu na lipi liko chini, kwa kuhesabu ni mara ngapi makala zake zinarejelewa na waandishi wengine. Vipimo hivyo viko vingi na havipatani hata kidogo. Kimoja huchukua wastani tu: makala za miaka miwili iliyopita zimerejelewa mara ngapi kila moja. Kingine huuliza aliyerejelea ni nani, maana rejeleo la jarida kubwa huwa na uzito kuliko la jarida lisilojulikana. Kingine huangalia fani, kwa sababu kuna fani ambazo watu wake ni wakarimu wa kurejelea na nyingine ni wachoyo. Alliance alichagua majarida arobaini ya kilimo cha nyanda za juu za Afrika, akayapitisha yote kwenye kila kipimo, aone yanavyopanda na kushuka. Udongo lilikuwamo kwa haki yake. Vijana wa Bukavu bado wanalitoa kwa taratibu zile zile za zamani, siku hizi mtandaoni, na kwa kipimo cha kwanza, kile cha wastani, lilikuwa limeyapita yote.

Jumapili hiyo kanisa zima lilijua. Jumatatu ghala zima lilijua. Methodi alimweleza hadi Mizero, anayesukuma mikokoteni upande wa pili, na Mizero akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho kisha akamwuliza jarida hilo linauzwa duka gani. Pale ghalani kuna skrini inayoonyesha majina ya wafanyakazi, aliyefanya haraka juu, aliyechelewa chini. Tangu aanze kazi Methodi hajawahi kufika hata katikati ya skrini ile. Wiki hiyo aliipita bila kuitazama.

Aliomba ruhusa ya siku mbili, kwa sababu Ijumaa Alliance angeiwasilisha kazi yake mbele ya walimu wake. Mkewe Nzigire asingeweza kwenda, ana wazee anaowatunza katika nyumba ya wagonjwa na hakuna wa kumshikia zamu. Alimfungia binti sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, katika kopo la siagi, akafunga kifuniko kwa utepe wa gundi.

"Unaenda kuona mutoto," aliuliza, "ao unaenda kuona jarida yako?"

"Vyote viwili viko yangu," alisema Methodi.

"Bon. Sombe iko ya mutoto. Jarida haikule."

Alhamisi asubuhi alishika barabara, na kufikia saa sita mchana alikuwa Columbus, nyumbani kwa Charlotte. Charlotte ni mjane wa Bagula. Mumewe alifia kambini, kabla ya karatasi za safari kutoka, na yeye anaishi na mwanawe Bonheur, ambaye muda huo alikuwa kazini. Kupita Columbus bila kumwamkia Charlotte lingekuwa jambo la aibu, na zaidi ya hapo, alikuwa mtu pekee katika Marekani nzima ambaye angeelewa. Yeye ndiye aliyekuwa akizungusha mkono wa mashine ya kuchapishia, karatasi baada ya karatasi, na kuzishona nakala kwa uzi wa magunia.

Charlotte alitandika bugali, mchicha wa lengalenga na dagaa wa ziwani, sambaza, akamwongoza kwenye sala, wakala. Kisha wakafanya walichokuwa wanakitamani tangu mlango ulipofunguliwa, wakarudi Bukavu kwa mdomo. Wakakumbuka bati la ofisi, ambalo mvua ikilipiga mlilazimika kusimamisha mazungumzo. Wakakumbuka ziwa dirishani. Wakakumbuka nakala zilivyosafiri hadi Goma na Bujumbura ndani ya magunia ya maharage, zikafika huko zina wadudu wa maharage.

"Na shemeji yako," alisema Charlotte, "ule ulikataliaka makala yake."

"Hesabu zake zilikuwa za kutunga. Alipima mashamba kumi akaandika arobaini."

"Mwaka muzima hamukusalimiana."

"Mwaka na nusu," alisema Methodi, na hapo akajivuna kidogo, ingawa wakati ule ugomvi huo ulimkosesha usingizi.

Wakamfikia Bagula mwenyewe, kama ilivyokuwa lazima. Waandishi wa Udongo walikuja kwa miguu kutoka vilimani, wakaacha viatu vya matope nje, na wakasimama mlangoni na makala mkononi. Bagula alichukua makala na kuuliza swali moja kabla ya kusoma lolote: huyu amebisha hodi? Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu pale. Kama unaandika juu ya muhogo wa kilima fulani, na kuna mtu aliyekwisha kutembea kilima kile kabla yako, basi aya yako ya kwanza imtaje. Huingii kwenye boma la mtu kimyakimya ukaanza kupima miti yake. Methodi alizipitia kurasa na penseli, na asipoona jina la mtangulizi aliandika pembeni "hodi?" na kurudisha makala. Bagula akishaona hodi, ndipo husema karibu, hata kama mwandishi amekwisha kukaa ndani nusu saa.

Charlotte aliinuka akaenda chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Lilikuwa toleo la kwanza la Udongo, jalada limekuwa la rangi ya chai, uzi wa magunia bado umeshika.

"Iko moja tu niliweza kubeba," alisema. "Peleka, mutoto aone. Kisha unirudishie, Papa Alliance. Usinifanyie ile ya batu ba vitabu, banaazima habarudishe."

Methodi alikuwa bado amelishika simu ilipoita. Alliance alikuwa anauliza amefika wapi, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza barabara. Methodi akamwambia aseme. Alisema kwa Kiingereza, polepole, na baba yake akaelewa kila neno.

Alikuwa ameyaondoa marejeleo ambayo jarida linajirejelea lenyewe. Ni hatua ya kawaida, hufanyiwa majarida yote, na mengi hushuka kidogo tu. Udongo lilikuwa limeporomoka kutoka kileleni hadi chini kabisa. Karibu kila rejeleo lake lilitoka kwa Udongo lenyewe. Kwa kile kipimo cha uzito halikuonekana hata kidogo, maana hakuna jarida kubwa lililowahi kulitaja. Na kuna kanuni inayosema kwamba jarida la namna hiyo huwekwa kando, halilinganishwi na mengine, kwa kuwa huhesabiwa limejipandisha lenyewe. Profesa wake alikuwa ameitazama safu ile na kusema, bila ubaya wowote, kwamba hawa wanajipigia makofi.

"Ni hodi," alisema Methodi. "Alliance, ile ni hodi. Nani mwingine alikuwa anaandika juu ya vile vilima? Tungerejelea nani?"

"Najua, Papa."

"Donc, basi, utamuelezea profesa."

Alliance akamtakia tu safari njema. Charlotte, ambaye hakusikia upande wa pili lakini aliuona uso wa Methodi, alimfungia toleo lile tena kwenye kitenge na kumwekea sambaza za njiani.

Safari ya kutoka Columbus mpaka Buffalo ni ndefu na imenyooka, na humpa mtu nafasi ya kutosha ya kukasirika. Methodi aliitumia yote. Alibishana na profesa asiyemjua kuvuka nusu ya Ohio. Alimweleza kwamba kujipigia makofi ni kitu kimoja na kuamkia waliokutangulia ni kitu kingine, na profesa, kwa kuwa hakuwamo garini, hakuwa na jibu. Alipoliona ziwa Erie upande wa kushoto, la kijivu na baridi, mawazo yalimrudisha kwenye ziwa la Bukavu, ambalo halikuwa kubwa namna hii lakini lilikuwa lake. Aliwakumbuka walioandika katika Udongo. Wengi wamekufa. Wengine hajui walipo. Kama jina la jarida lingekaa katika jedwali la Alliance, katika chuo kikuu cha Marekani, basi miaka ile isingekuwa ndoto yake peke yake. Hilo ndilo alilolitaka, na alikusudia kulipata kabla ya kulala.

Alliance anakaa Riverside, juu katika nyumba ya mbao ya orofa mbili, na kutoka jikoni mto Niagara unaonekana kwa mbali katikati ya nyumba za jirani. Alimpokea baba yake kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akapasha sombe moto, akapika wali. Methodi alikula vijiko vichache. Kisha akasogeza sahani.

"Leta ile jedwali," alisema.

Alliance alileta karatasi. Majarida arobaini yamepangwa kwa safu mlalo, vipimo vitano vimepangwa kwa safu wima, na kila kipimo kimeyapanga kwa namna yake, hivi kwamba jarida la tatu hapa ni la kumi na tisa pale. Methodi alivaa miwani. Kwa muda akasahau hasira, kwa kuwa ilikuwa kazi safi. Maelezo chini ya jedwali yalikuwa mafupi na kamili. Kila kanuni ilitajwa, na kila jarida lilipimwa sawa na mwenzake. Isipokuwa safu moja tu, ya Udongo na Mbegu, ambayo kando yake palikuwa na alama ya kuuliza, imeandikwa kwa mkono wa bintiye.

"Iache ndani," alisema. "Andika chini maelezo. Sema ni desturi."

"Desturi nitaielezea kwenye sura ya mwisho, Papa," alisema Alliance kwa Kiingereza. "Lakini kuna majarida mengine, si katika haya arobaini, yanayojirejelea kwa makusudi, wahariri wanawalazimisha waandishi. Nao watasema ni desturi. Kwenye hesabu siwezi kuwatofautisha."

"Sisi hatukulazimisha."

Alliance aligonga kidole kwenye ile alama ya kuuliza. Methodi akaiona penseli yake mwenyewe, pembeni mwa kurasa za watu, ikiandika "hodi?" na kurudisha makala. Akashusha macho.

"Na watauliza mhariri alikuwa nani," Alliance aliendelea. Kisha akaacha Kiingereza, na maneno yakamtoka kwa shida, kwa lugha ya nyumbani ambayo huitumia akiwa mgonjwa au akiwa na hofu. "Papa, kama ingekuwa makala ya mutu mwingine. Jarida ya baba yake iko ndani, na kanuni inasema itoke, na yeye ameiacha. Weye ungefanya aje?"

Methodi aligeukia mlango. Alikuwa anamkumbuka shemeji yake, siku ile alipokuja kuichukua makala iliyokataliwa, alivyosimama mlangoni akisema kwamba ndugu hafanyiwi hivi. Naye Methodi alimwambia kwamba ndugu ndiye wa kwanza kufanyiwa hivi. Alijivunia neno lile maisha yake yote, na leo mchana tu, mbele ya Charlotte, alikuwa bado analijivunia. Aliumia. Aliumia kwa kuwa binti alikuwa amesema kweli, na kwa kuwa kweli ile aliifundisha yeye.

"Nipe penseli," alisema.

Alliance akampa. Methodi aliweka ukingo wa karatasi nyingine chini ya safu ili mstari usipinde, akalikata jina la Udongo na Mbegu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaandika pembeni, kwa herufi zake za zamani, "litoke". Alivua miwani, akasema chakula kilikuwa kizuri, akatoa kile kitenge cha Charlotte na kukiweka mezani.

"Mama Charlotte amekutumia. Uangalie, kisha nitamurudishia."

Akaenda kulala kwenye kochi. Mtu mzima hulia akiwa amegeukia ukuta, na Methodi aligeukia ukuta.

Asubuhi Alliance aliondoka mapema, na Methodi alimfuata baadaye kwa basi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, na kando ya mlango walikuwa wameweka kahawa na biskuti. Walimu walikuwa wachache, pamoja na wanafunzi wenzake. Profesa aligeuka kuwa mwanamke mpole mwenye sweta, aliyemshika Methodi mkono kwa nguvu na kumwambia kwamba binti yake ana jicho kali. Methodi, aliyembishia mama huyu kuvuka nusu ya Ohio, alishukuru na kwenda kuketi nyuma.

Alliance alisimama. Methodi alitazamia kuona jedwali ukutani, lakini picha ya kwanza iliyotokea ilikuwa ukurasa wa kaki, wenye herufi zilizoinama na doa la wino pembeni. Aliutambua kabla ya kuusoma. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza, makala fupi ya Bagula iitwayo "Kabla ya Kuingia", ambamo aliwaeleza waandishi kwa nini ni lazima mtu awataje waliomtangulia. Chini yake Alliance ameandika rejeleo zima, kwa utaratibu wote: jina la Bagula, mwaka 1986, Udongo na Mbegu, toleo la kwanza, ukurasa wa kwanza.

Alisema kwa Kiingereza kwamba kabla ya kupima nani anamrejelea nani, mtu hana budi kuuliza kwanza kwa nini watu hurejelea, na kwamba amelitafuta swali hilo kwenye vitabu vingi, na hili ndilo jibu lililomkalia moyoni. Jarida lenyewe, alisema, halimo katika jedwali lake, na akaeleza sababu kwa sentensi mbili, bila kulitetea.

Methodi alikuwa mhariri, na kichwa cha mhariri hakipumziki hata siku ya msiba. Alipiga hesabu pale pale. Kipimo cha wastani hutazama miaka miwili ya nyuma, vile vingine havizidi mitano. Makala ya mwaka 1986 haihesabiki popote. Rejeleo hili lisingelipandisha Udongo hata nukta moja, kwa kipimo chochote, na Alliance alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Ndipo akaelewa kwamba hakuliweka ili lihesabiwe.

Binti aliinua macho akamtafuta nyuma ya chumba.

"Kwetu mutu haingie hivi hivi," alisema, kwa Kiswahili cha Bukavu, mji aliouacha akiwa anabebwa mgongoni. "Hodi."

Walimu wakangoja, wakidhani sasa atatafsiri. Hakutafsiri. Alisimama na karatasi zake mkononi, kama walivyosimama wale wengine wenye miguu ya matope, na hakuendelea. Profesa alitazama saa yake, kisha akafuata macho ya Alliance hadi nyuma, kwa mzee aliyekuwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili.

Aliyekuwa akijibu siku zote ni Bagula. Methodi alikohoa.

"Karibu, mama," alimwambia binti, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Alliance akashusha pumzi, akafungua jedwali la majarida thelathini na tisa, akaanza kusoma.